Kilo Kumi Kabla ya Ngoma

Jumatatu, 2 Desemba

Nimepewa siku ishirini na sita. Zinatosha kabisa! Nina nguvu leo, sijapata kuona.

Jana jioni kikundi chetu cha mapiko, ngoma ya vinyago, kilikaa hapa Mkunya, wanaume watupu, na Mzee Nikolao, kiongozi wetu, akatamka mbele ya wote kwamba mwaka huu vijana wakitoka jando, kinyago sitavaa mimi. Kinyago nilichokivaa miaka kumi na tisa! Kabla yangu alikivaa marehemu baba. Sababu eti tumbo. Kwetu lipiko, yule mcheza kinyago, hatakiwi kujulikana ni nani, hasa na wanawake. Ni kiumbe kimetoka porini, basi. Sasa mwaka jana nimeingia uwanjani, hata hatua ya tatu sijapiga, mama mmoja akapaza sauti: "Shikamoo Baba Yuster!" Na mimi, kwa malezi mema niliyopewa, nikaitikia marahaba.

Mzee Nikolao hajasahau. Alisema ntu anayejulikana kwa tumbo si lipiko, huyo ni jirani. Kinyago apewe Optatus, fundi baiskeli, kijana mwembamba asiyeonekana ukimtazama kwa ubavu. Nilipinga. Nikaomba hadi tarehe 28, siku ya ngoma. Mkanda wa njuga wa marehemu baba ukifungika kiunoni, navaa. Usipofungika, Optatus. Wakakubali, baadhi yao wakicheka.

Kinachotakiwa ni kilo kumi. Leo asubuhi nilijipima ghalani kwenye mizani ya korosho, maana mimi ndiye karani wa mizani wa chama chetu cha msingi. Kilo 104. Nikatoa kilo moja ya gunia, kama tunavyomtolea kila mkulima. Sikuwa nimevaa gunia, lakini utaratibu ni utaratibu. 103! Siku ya kwanza tu, na kilo moja imeshaondoka!

Shajara hii inakaa ghalani chini ya magunia matupu. Mke wangu asiione. Mwanamke yeyote asiione.

Jumanne, 3 Desemba

Nimegundua siri ya kupungua. Si chakula, ni hamasa! Mtu hupungua akiwa na moyo, na moyo hupatikana kwa zawadi. Kwa hiyo kila kilo ikitoka, najipa zawadi. Nikakumbuka kilo ya jana. Nikaenda kwa Zena anayepika chapati nje ya ghala, nikajipa mbili. Na moja ya kilo ijayo, kuitia hamu ije haraka.

Usiku nilikataa ugali. Nilimwambia Mama Yuster nimeshiba. Alinitazama sana. Tumeoana mwaka 1999 na neno hilo hajawahi kulisikia kinywani mwangu.

Alhamisi, 5 Desemba

UNYAUFU! Miaka yote nafanya kazi na neno hili na sikuwahi kulifikiria! Korosho ikianikwa juani inanyauka, uzito unashuka, na haili mlo maalumu wala haikimbii mbio. Kama korosho inaweza, mimi je?

Nilivaa sweta mbili na koti la mvua, nikalala kwenye turubai nyuma ya ghala kuanzia saa nne, katikati ya korosho za watu. Nilimweleza Sultani, mtunza ghala na rafiki yangu, kwamba asiponigeuza nitakauka upande mmoja. Sultani hana dhihaka katika kazi. Kila baada ya robo saa alikuja kunigeuza kwa reki.

Saa sita akafika mkulima kutoka Makote na mzigo wake. Akauliza kile ni nini. Sultani akamjibu kuwa ni mali ya karani, bado ina unyevu. Mkulima akaniinamia, akasema kwa masikitiko kwamba hiyo daraja la kwanza haipati.

Halafu mvua! Sultani akaanua korosho zote kwanza, mimi akaniacha wa mwisho. Anasema mali ya wakulima ndiyo inayotangulia. Nikajipima: 105. Ni maji ya mvua hayo, yatatoka. Hamasa iko juu.

Jumapili, 8 Desemba

Mazoezi ya kweli leo. Nilikwenda Newala mjini mpaka Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla, nikateremka bondeni kwa miguu. Rahisi ajabu! Nilikuwa mwepesi, napiga mluzi, nikajiuliza kwa nini watu wanalalamika juu ya mazoezi. Chini nikakuta miembe imeinama kwa embe. Embe ni maji tu. Nikanywa maji kama tisa hivi.

Kupanda ndiko kulikonionyesha dunia. Baada ya hatua mia nilikaa. Baada ya hamsini nikakaa tena. Saa mbili zikapita. Nikiwa nimekumbatia jiwe, nani anakuja kutoka chini, anakimbia, anaimba? Optatus! Akanipa shikamoo. Nilishindwa kutoa marahaba, nikanyanyua kidole. Akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia natazama mandhari. Akaniambia kwa heshima zote kwamba mandhari iko upande wa pili, mimi nimetazama jiwe.

Mwisho alinivuta mkono hadi juu. Aibu! Njiani akanieleza kwamba kinyago akikipata atakitunza vizuri, nisiwe na wasiwasi. Nilitaka kulia, nasema kweli. Nilipofika nyumbani nilikiangalia kile kinyago mahali nilipokificha, kovu la shavuni alilolichonga baba kwa kisu chake, na nikaapa. Kesho naongeza juhudi!

Jumatano, 11 Desemba

Balaa. Mama Yuster anadhani nina mwanamke.

Ameyakusanya mambo yote: ugali ninaokataa, jasho, sweta mbili wakati wa joto, kwenda Newala Jumapili bila sababu. Aliniambia, bila kupandisha sauti, na hapo ndipo huwa namwogopa, kwamba mwanaume wa miaka hamsini hapunguzi tumbo kwa ajili ya mke aliyelizoea. Akauliza huyo mwanamke ni wa hapa au wa Tandahimba.

Niseme nini? Ukweli siwezi kuusema! Nikimwambia ni kwa ajili ya lipiko, nimeivunja siri ya wanaume mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nikasema ni presha. Akasema vizuri, kesho twende hospitali wote wawili. Nikasema presha imeshuka.

Macho yakamjaa machozi. Mimi pia moyo uliniuma. Mama Yuster ni mtu mwema na sina mwanamke Tandahimba, hata njia ya kuingilia mjini siijui vizuri siku hizi.

Alhamisi, 12 Desemba

Vita imeanza. Mama Yuster hagombi, anapika!

Asubuhi: mihogo ya nazi. Mchana akaniletea ghalani mbaazi za nazi na wali, kwenye hotipoti mpya ya wageni. Usiku jogoo! Jogoo wetu mkubwa aliyekuwa akilia chini ya dirisha! Zena wa chapati ndiye aliyeninong'oneza mpango wenyewe: Mama Yuster amesema mbele ya wanawake wote kisimani kwamba atanirudishia kila kilo, mpaka huyo wa Tandahimba asione pa kunishika.

Nilikula kidogo, ili nisimuudhi. Kidogo mara tatu.

Jumapili, 15 Desemba

Jana nilishuka Masasi kutafuta ufumbuzi wa kisayansi. Sokoni kuna kijana anauza mkanda wa kubana tumbo. Ameniambia siku saba tu nitakuwa mtu mwingine. Alinifunga akiwa ameniwekea goti mgongoni. Tumbo likaondoka kweli! Lilipanda kifuani. Nikatembea Masasi nzima kifua mbele, watu wananipisha, mmoja akaniita afande. Furaha niliyokuwa nayo! Kupumua tu ndiko kulikuwa kwa shida.

Leo nikaenda kanisani nimevaa mkanda huo. Kusimama sawa, kukaa hivyohivyo. Padri akasema tuinamishe vichwa tuombe kimya. Nikainama.

Mlio ule, waumini walidhani ni paa limeng'oka. Kishikizo kiliruka mabenchi mawili mbele, kikamgonga mwenyekiti wa kwaya. Mkanda ukateleza ukatoka chini ya shati, ukalala miguuni pa Mama Yuster. Akauokota, akaukunja vizuri, akautia kwenye mkoba wake. Ni ushahidi sasa.

Nyumbani alipika pilau.

Jumanne, 17 Desemba

Hamasa imeshuka kidogo. Nimetafuta dawa: mwenzi! Watu wawili wakiamua pamoja hawaanguki. Nimemwomba Sultani awe mwenzangu wa kujinyima. Hana tumbo hata kidogo, lakini ana moyo wa urafiki. Tumepeana mikono kwamba atakayemwona mwenzake anakula ovyo atampigia kelele.

Saa saba tulikutana kwa Zena, uso kwa uso, kila mmoja na chapati. Tukatazamana. Sultani akageuka ukutani, na mimi nikageuka. Hakuna aliyemwona mwenzake. Makubaliano hayajavunjwa.

Ijumaa, 20 Desemba

99! TISINI NA TISA!

Nimejipima mara tano. Niliruka juu ya mizani kwa furaha, Sultani akapiga makofi, nikaruka tena. Ni ile hamasa inafanya kazi! Mwili ulikuwa unajikusanya tu, sasa umeachia. Nikajipa zawadi ya kilo tano kwa mkupuo.

Jumamosi, 21 Desemba

97! Pamoja na ile zawadi! Nimeruka mpaka vigae vya ghala vimetoa vumbi.

Jumatatu, 23 Desemba

95! Kilo moja tu imebaki! Nilifunga ghala dakika kumi nikakimbia kwa Mzee Nikolao. Nilimwambia kinyago hakiondoki kwenye ukoo wetu. Akaniangalia juu hadi chini, akasema yeye kwa macho yake anaona ntu yuleyule. Nikamjibu kwamba macho si mizani.

Jioni.

Niliporudi ghala limejaa wakulima, wanapiga kelele. Yule wa Makote alikuwa amepima gunia lake kwao, kilo 80. Kwetu 71. Kila mtu gunia lake limepungua! Akaitwa mkaguzi wa vipimo kutoka wilayani. Alipiga magoti, akafungua mizani kwa chini, akatazama, akauliza ni mnyama gani amekuwa akirukaruka juu ya chombo hiki. Sultani akatazama dari. Wakulima wakatazama tumbo langu.

Mizani imeharibika kabisa. Imekuwa ikidanganya tangu Ijumaa, na niliyeiharibu ni mimi. Tumeazima ya chama jirani. Magunia yote ya siku nne yapimwe upya, na nimeamriwa niyabebe mwenyewe, mgongoni, moja moja. Nimewaomba wakulima radhi kwa kila gunia. Wa Makote amekataa radhi mpaka gunia lake la mwisho, ndipo akacheka akanipa mkono.

Baada ya hapo nikapanda mizani ile ya kuazima. 107.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Sina la kuandika. Nilikula.

Alhamisi, 26 Desemba

Nilikwenda leo kwenye mazoezi kule porini kumkabidhi Optatus kinyago. Mkanda nilijaribu kuufunga mara ya mwisho, umebaki wazi kwa upana wa kiganja. Nilimkabidhi kinyago mikononi. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

Ngoma zikaanza, Optatus akaingia. Ana miguu mizuri, nasema bila kinyongo. Lakini kichwa! Kichwa chake ni kidogo kama chungwa, na kinyago kile kilichongwa kwa vichwa vya ukoo wetu. Alipogeuka kulia, kinyago kilibaki kinatazama kushoto. Alipotikisa, kikazunguka chote. Akacheza anaelekea mbele, sura inatazama nyuma, akaingia kwenye mkorosho, akarudi, akaingia tena kwenye mkorosho uleule. Wakajaribu kumjazia vitambaa ndani, hakupata pumzi.

Mzee Nikolao akafunika uso. Siku mbili zimebaki na lipiko hakuna! Akaniita pembeni. Alisema mkanda utaunganishwa kwa kamba ya gunia, hilo dogo. Lakini kujulikana je? Tumbo lile likiingia tu uwanjani, watu wataanza kuamkia.

Na hapo, palepale, lilinijia! Sikuwahi kuwa na wazo kubwa hivi maisha yangu yote! Watu wanajua lipiko ni Baba Yuster kwa sababu Baba Yuster haonekani kwa watazamaji. Basi aonekane! Sultani avae shati langu la maua, kofia yangu, mto tumboni, aketi kwenye kiti mbele ya umati akiwapa wanawake mgongo. Nani atasema lipiko ni mimi, na mimi nimekaa pale?

Optatus mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka na kusema ndiyo. Mzee Nikolao akasema ni upumbavu, lakini hana mwingine.

Jumamosi, 28 Desemba

Usiku mkubwa, sina usingizi, lazima niandike!

Nimecheza! Uwanja umejaa, vijana wametoka jando wanang'aa na nguo mpya, mama zao wanalia kwa furaha, ngoma zinapasua kifua. Nikatoka kwenye kichaka. Njuga zikaitika. Miaka hamsini, kilo mia na saba, na miguu ikakumbuka kila kitu alichonifundisha baba! Nilitetemesha mabega, nikawafukuza akina mama mpaka uzio, wakakimbia wanapiga vigelegele. Ndani ya kinyago nilikuwa nalia, naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Hapo yule mama wa mwaka jana akainuka. Nikamwona kupitia tundu la mdomo. Akaninyooshea kidole, anavuta pumzi, anataka kuniamkia! Nikaganda. Nikajiuma ulimi nisije nikaitikia.

Kabla hajasema, Mama Yuster akasimama katikati ya wanawake. Alinitazama mimi, tumbo langu, mkanda ulioungwa kwa kamba ya gunia. Akatazama tena. Halafu akacheka, kicheko kirefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akapita mbele ya watu wote hadi kwenye kile kiti, akamshika Sultani begani na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka Tandahimba: "Baba Yuster, mume wangu, umemwona lipiko wa mwaka huu? Huyu sijui katokea pori gani! Sogea basi, nikae na mume wangu." Akakaa. Yule mama akashusha kidole, akaketi.

Wamedanganyika! Wote! Hata mke wangu wa miaka ishirini na mitano hakutambua kwamba aliyekaa naye ni Sultani na mto! Alimlisha hata korosho mkononi. Sultani anasema alikuwa akitoka jasho kwa hofu.

Mzee Nikolao amenipa mkono. Kinyago ni changu.

Jumapili, 29 Desemba

Miguu imevimba. Mama Yuster alinichemshia maji ya chumvi bila kuambiwa, akanikanda visigino, akanipa pole kwa kukaa kitini siku nzima. Nikamjibu kwamba kiti kile ni kigumu sana. Akasema anaona.

Ametulia kabisa, ile habari ya Tandahimba imekwisha, sijui imekwishaje. Leo amepika mchicha na samaki mdogo, basi. Alisema tu, akiwa ananikanda, kwamba nikimwona yule lipiko nimfikishie ujumbe: wanawake wote wamempenda, yeye amemsamehe, ila akapime presha, maana raundi ya pili alikuwa anahema. Nikamweleza kwa upole kwamba lipiko ni kiumbe cha porini, hana presha. Akainamisha kichwa kwenye beseni, mabega yanamtikisika. Nadhani alikuwa amechoka.

Wanawake hawa! Hajui kitu hata chembe!

Basi nimekaa nikatafakari makosa yangu yote ya mwezi huu, na nimeliona kosa. Mto! Mto ulimshuka Sultani mara mbili, Optatus aliuona. Mwakani hatuwezi kubahatisha. Sultani lazima awe na tumbo la kwake mwenyewe, lililo sawa na langu. Anatakiwa kuongeza kilo arobaini na mbili kabla ya Desemba ijayo. Inawezekana kabisa! Nimeshamwandikia ratiba. Kila kilo akiongeza, zawadi yake ni kufunga siku moja, ili asikate tamaa.

Tunaanza kesho. Hamasa iko juu sana!